Ukuta wa Dodoma si ukuta wa Dar: nilivyojenga chumba cha kulala mchana

Mimi ni nesi, na karibu nusu ya zamu zangu ni za usiku. Natoka kazini saa moja na nusu asubuhi, mpaka nipate daladala nifike nyumbani ni saa mbili na kitu, naoga, nakunywa chai, nalala. Yani mchana wangu ndo usiku wangu. Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba nzuri, mi siangalii tailizi wala geti, naangalia kitu kimoja tu, je saa saba mchana mwezi wa 10 mtu anaweza kulala humu ndani?

Nilipopanga Nkuhungu, hapa hapa Dodoma mjini, jibu lilikuwa haiwezekani. Kuta za tofali inchi 5, bati juu, silingi bodi nyembamba, alafu jirani ukuta kwa ukuta ni fundi wa kuchomelea mageti, kijana mzuri sana na mchapakazi, ila ile mashine ya kukatia chuma ikianza saa tatu asubuhi unaisikia kwenye meno. Sikuwahi kumlaumu maana anatafuta riziki mchana kama watu wote, mi ndo niliyekuwa nalala wakati wa watu kufanya kazi. Nilivumilia miaka mitatu hivyo. Kuna siku niko wodini nashika bomba la sindano nikajikuta nasoma kipimo mara tatu kabla ya kuamini macho yangu, nikasema hapana, usingizi huu sio suala la starehe tena, ni suala la wagonjwa wangu. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 1999 lilisema chumba cha kulala kelele za mfululizo zisizidi desibeli 30 (desibeli ndo kipimo cha ukali wa sauti), na maongezi ya kawaida tu ya watu wawili ni kama desibeli 60. Mimi nilikuwa nalala ndani ya karakana.

Basi nilipopata kiwanja Nala, huku barabara ya Singida, nikaanza kuuliza habari za kuta. Na hapo ndo nikagundua kitu ambacho nataka kukisema kwa nguvu zote kwenye makala hii. Wengi wetu tulihamia Dodoma kutoka Dar baada ya serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016, na tumekuja na ramani za Dar kwenye begi. Nyumba ya Dar imefikiriwa kwa joto lenye unyevu, usiku na mchana joto lile lile, kwa hiyo unataka upepo upite moja kwa moja, madirisha makubwa, vitundu vya hewa juu ya lenta, ukuta mwembamba haujalishi sana. Dodoma sio hivyo. Hapa tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kumekauka, jua likizama joto linaondoka nalo. Mwezi wa 10 mchana inafika nyuzi 31 hivi lakini alfajiri iko kwenye 18, na mwezi wa 6 na wa 7 alfajiri inashuka mpaka 13 au 14 na ule upepo wetu mnaujua. Mahali penye tofauti kubwa hivyo kati ya mchana na usiku, ukuta kazi yake ni kama mtungi, unaubeba ubaridi wa usiku unakutunzia mpaka mchana. Ukijenga nyumba ya Dar hapa unaoka mchana na unatetemeka usiku.

Aliyenifungua macho sio injinia, ni mzee mmoja wa Kigogo jirani na kiwanja changu. Nilikuwa nikienda kuangalia mafundi napita kwake nampigia "mbukwa mzee", ananikaribisha kwenye kigoda chini ya mti. Siku moja nikamlalamikia joto akacheka kidogo akaniambia, "Mwanangu, sisi tulizaliwa kwenye tembe. Mchana ukiingia unasikia baridi kama umeingia kisimani. Na mvua ikinyesha huisikii, unaiona tu uani." Tembe ilikuwa kuta za miti na udongo, alafu juu dari bapa la magogo, fito na udongo mzito. Nikamuuliza mbona mmeziacha, akasema zilikuwa na giza, moshi, dari linataka kukandikwa kila mwaka, mvua kubwa inavuja, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ile ya 1970 mambo yakabadilika. Sikutaka kurudi kwenye tembe na yeye hakuniambia nirudi. Ila ile sentensi ya mvua ilinikaa kichwani, kwa sababu pale kuna vitu viwili kwa pamoja, joto na sauti, na vyote vilizuiwa na kitu kimoja: uzito wa udongo.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya, na mi mwenyewe nilichanganya. Kitu kinachozuia joto sio lazima kizuie sauti.

Chukua foam, ile nyeupe inayokuja kwenye boksi la TV. Kuna paneli za ukuta zinatengenezwa nayo katikati, pande zote waya na ripu (plasta). Kwa joto ni mabingwa, tofali ya saruji na mchanga inapitisha joto kama mara 30 kuliko foam ya unene ule ule. Lakini ishike mkononi, haina uzito. Sauti ni mtikisiko, inatikisa ukuta na ukuta unatikisa hewa ya upande wa pili, na kitu chepesi kinatikisika kirahisi. Kwa hiyo paneli ya foam inakupa chumba chenye ubaridi ambamo unamsikia jirani akikohoa. Na tena foam ikishika moto moshi wake ni sumu, ukiitumia popote lazima ifunikwe vizuri na ripu, isiachwe wazi hata mahali pa kuficha. Vilevile zile bloku nyepesi zenye povu ndani, zilizoanzia Sweden miaka ya 1920, zinazuia joto labda mara 8 kuliko bloku zetu za kawaida, ila uzito wake ni kama robo, na kwa sauti ukuta wa unene ule ule unapwaya. Ningeweza kuziagiza Dar, lakini kilomita 450 za usafiri kwa tofali zinazovunjika pembe kirahisi, nikaacha.

Tofali za kuchoma nilizipenda sana, nakiri. Zinapitisha joto kidogo kuliko za saruji, zina rangi nzuri, na Dodoma wapo wanaochoma. Lakini mimi ni mtu wa Kondoa. Nimekua naona makorongo, ardhi imeliwa mpaka mizizi ya miti inaning'inia hewani, na wazee wetu wanasimulia jinsi mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulivyoanza mwaka 1973 kuokoa ardhi na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lile ili majani yaote tena. Tanuru moja la tofali linakula kuni nyingi mno. Siwezi kulala kwa amani ndani ya kuta zilizokula miti ya mkoa mkavu kama huu, hilo ni langu binafsi simlazimishi mtu.

Zile za kufungamana, za udongo na saruji kidogo zinazoshindiliwa na mashine bila kuchomwa, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezitangaza kwa miaka mingi, nilikaribia kuzichagua. Udongo mwekundu upo, kuni hakuna, saruji ya kujengea inapungua sana maana zinapangwa kavu kavu. Tatizo ni hilo hilo la kupangwa kavu. Kila kiungo ni ufa mwembamba, macho hayauoni lakini upepo na sauti vinauona. Wengi wanazipenda kwa sababu unaweza kuacha bila ripu ukaokoa hela, na hapo ndo unapoteza kimya. Ukizitumia, piga ripu angalau upande mmoja, kona mpaka kona. Mimi nilikwama kwenye fundi, niliowapata wawili wenye uzoefu nazo walikuwa na kazi mpaka mwakani, na kodi ya Nkuhungu inanidai.

Nikarudi kwenye tofali la kawaida la saruji, inchi 6. Na hapo nikapata funzo la kwanza kwa machungu. Muuzaji wa kwanza aliniletea mzigo, nikachukua msumari nikakwaruza, unachimba kama unachimba sukari. Tukadondosha tatu kutoka usawa wa kiuno, mbili zikasambaratika. Alikuwa ametoa tofali nyingi mno kwenye mfuko mmoja wa kilo 50, na alizimwagilia siku mbili tu kwa sababu maji shida, tunajua wote mgao wa maji hapa mjini, boza moja ni hela. Kwenye hali ya hewa hii kavu yenye upepo tofali lisilomwagiliwa wiki nzima angalau halijakomaa, limekauka tu, na kukauka sio kukomaa. Nikamrudishia mzigo. Tukaamua kufyatua wenyewe pale pale kiwanjani, tukazifunika na magunia tunamwagilia asubuhi na jioni siku kumi. Tofali lililoshiba lina uzito wa kama kilo 30 na ukiligonga linalia. Tofali lenye vipovu na nyufa ndani halifai kwa nguvu, halifai kwa sauti.

Alafu ikaja hesabu ambayo ilinibadilisha mawazo kabisa.

Fundi wangu aliniambia, "Mama Nasra, ukitaka kimya laza tofali." Yani badala ya kusimamisha tofali ukuta uwe inchi 6, unalilaza linakuwa inchi 9, kama tunavyofanya kwenye msingi. Nikaona ni wazo zuri, nikataka nilaze ukuta wote kati ya chumba changu na sebule. Ukuta wa mita 4 kwa mita 3, za kusimamisha ni kama tofali 100, za kulaza ni kama 150. Tofali 50 zaidi, tani moja na nusu ya uzito. Nikakaa na daftari. Kanuni ya sauti iko hivi, ukuta ukiongezwa uzito mara mbili unapata kama desibeli 5 au 6 tu za ziada. Kulaza kunaongeza uzito nusu tu, haufiki hata mara mbili, kwa hiyo napata chini ya desibeli 4. Na sikio la binadamu linahitaji kama desibeli 10 ndo liseme kelele imepungua nusu. Desibeli 3 au 4 unazisikia kwa mbali ukitega sikio. Ukuta wa inchi 6 uliojaa, wenye ripu pande zote mbili, tayari unazuia kama desibeli 45 mpaka 48, na huo ni ukuta mzuri. Sasa mbona nyumba zetu zote zina kuta hizo na bado unasikia TV ya sebuleni neno kwa neno?

Nikapanda ngazi nikachungulia juu ya boma la jirani anayejenga. Jibu lilikuwa pale. Kuta za ndani zote zinaishia kwenye ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta. Juu yake hakuna kitu, ni kenchi tupu (zile mbao zinazobeba paa) mpaka bati, nyumba nzima ni chumba kimoja kikubwa huko juu. Chini unaweka jipsamu ya milimita 9. Sauti ya TV haihangaiki na ukuta wako mzito, inapanda kupitia silingi ya sebule, inatembea darini, inashuka kupitia silingi ya chumbani. Umejenga ukuta wa desibeli 47 umeacha barabara juu yake. Na hesabu ya tundu ni ya kutisha: ukuta wa mita za mraba 12 ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu, yani kama sentimita 35 kwa 35, uwezo wa ukuta mzima unashuka mpaka desibeli 20, hata kama sehemu iliyobaki ni zege la benki.

Kupandisha ukuta ule ule wa mita 4 kutoka ringi bimu mpaka kwenye bati, kimo cha wastani mita moja na nusu, ni tofali 50. Hamsini zile zile! Nikizilaza napata desibeli 4, nikizipandisha nafunga barabara. Nililia kidogo siku hiyo, sio kwa huzuni, kwa sababu nilikumbuka miaka mitatu nimelala na pamba masikioni nikidhani tatizo ni ukuta mwembamba.

Tukapandisha. Fundi alisisitiza, na yuko sahihi kabisa, kwamba huwezi kupachika tu tofali juu ya ringi bimu hewani, huku kwetu Bonde la Ufa linapita na matetemeko madogo sio mageni, kwa hiyo tuliacha nondo zikichomoza kwenye ringi bimu, tukaweka nguzo ndogo katikati na kumwaga zege. Pale kenchi zinapopita kwenye ukuta hatukubana na saruji kavu maana mbao inanywea na kutanuka inaacha ufa, tulijaza lile povu la kopo linaloumuka, alafu udongo wa saruji pande zote. Na soketi, tafadhali mwambieni fundi umeme wenu. Kawaida anapenda boksi za soketi zigeukiane mgongo kwa mgongo, chumbani moja na sebuleni moja, waya unaokolewa. Hapo ukuta una tundu. Zangu zimepishana sentimita 60 na kila boksi imezungushiwa udongo.

Trei za mayai, zile watu wanazobandika ukutani wakidhani zinazuia kelele, nitazisema kwa ufupi kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Trei, kapeti la ukutani, godoro la foam, vinapunguza mwangwi ndani ya chumba chenyewe, vinafaa kwa mtu anayerekodi au kanisa linalovuma. Hazizuii sauti kutoka wala kuingia. Hazina uzito.

Turudi kwenye joto, maana hapo nako nilikuta ushauri wa kawaida haunifai. Mchora ramani aliweka chumba changu mashariki, akasema kila mtu anaweka masta mashariki ili magharibi lisije joto la jioni. Kwa mtu anayelala usiku ni sahihi. Lakini ukuta wa saruji wa inchi 6 unachelewesha joto kama saa 4. Jua la asubuhi linaupiga ukuta wa mashariki kuanzia saa moja mpaka saa sita mchana, kwa hiyo joto linatokea ndani kati ya saa tano na saa kumi, muda ambao mimi ndo niko kwenye usingizi mzito kabisa! Ukuta wa magharibi unapigwa kuanzia saa saba mchana, makali yake ni kwenye saa kumi, kwa hiyo joto lake kubwa linafika ndani saa mbili usiku, wakati navaa yunifomu natoka. Nikamwambia kaka, geuza. Watoto wanaolala usiku wakae mashariki, mimi nipeleke magharibi. Alinishangaa, akageuza.

Na huo ukuta wa magharibi ndo pekee nilioulaza, inchi 9, sio kwa ajili ya sauti bali kuchelewesha joto mpaka saa nne au tano usiku na kulipunguza makali njiani. Siku ambazo sina zamu nalala usiku kama watu, na hapo ukuta ule ungenitesa, kwa hiyo nimeupaka nyeupe, maana rangi nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua na rangi ya kahawia iliyo fasheni sasa hivi inalimeza, na nimepanda mwarobaini miwili mita 4 kutoka ukutani. Kivuli ni bora kuliko unene. Jua ambalo halijafika ukutani huhitaji kulizuia.

Upande wa barabara nimepanga stoo, bafu na kabati la nguo la ukuta mzima. Malori ya Singida yanapita usiku na mchana, lakini mpaka sauti ifike kitandani inapita ukuta, inapita bafu au stoo, inapita ukuta mwingine. Hii haikunigharimu hata shilingi, ni kupanga tu kwenye karatasi kabla hujachimba msingi. Kama mna hela ndogo anzeni hapo.

Paa. Ukiniuliza joto la mchana kwenye nyumba zetu linatoka wapi zaidi nitakwambia ni juu kuliko ubavuni. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa mwezi wa 10 jua la saa sita linakuwa utosini kabisa, kuta zinapata kivuli cha paa lakini bati linapata lote. Watu wanahangaika na tofali wiki nzima alafu paa wanaamua siku moja. Mi niliweka karatasi ya foili chini ya bati, na hapa nina jambo la Dodoma: vumbi. Foili ukiilaza juu ya silingi ikiangalia juu, ndani ya mwaka imefunikwa vumbi jekundu na kazi imekwisha. Ifunge chini ya mbao za paa upande unaong'aa ukiangalia chini, iache nafasi ya hewa, vumbi halikai kwenye kitu kinachoangalia chini. Kwenye ncha za paa niliacha matundu yenye wavu ili hewa ya moto itoke, wavu kwa ajili ya popo. Na juu ya silingi ya chumba changu tu, sio nyumba nzima maana hela iliisha, nimelaza pamba ya mawe. Hii ndo kitu pekee nilichokuta kinafanya kazi zote mbili vizuri, inazuia joto na inameza sauti ya mvua kwenye bati, na haishiki moto. Kuna ndugu alinishauri nijaze pumba za mpunga kutoka Bahi, bure kabisa. Pumba zina hewa nyingi ndani na kweli zinazuia joto, lakini nikafikiria panya, nikafikiria moto wa waya za umeme huko darini, nikamshukuru nikaacha.

Dirisha lilinipa shida ya mwisho. Kioo kimoja cha milimita 5 kinazuia labda desibeli 28, na aluminiamu ya kuslaidi ina uwazi pembeni kote, kwa hiyo inashuka zaidi. Nilichukua la kufungua kwa bawaba lenye mpira kuzunguka, dogo, moja tu, upande wa kusini mbali na barabara. Na hapa ndo nikaipenda Dodoma kwa moyo wote. Dar huwezi kufunga dirisha mchana, utaungua. Hapa mchana nje kuna joto kuliko ndani, kwa hiyo kufunga dirisha ndo sahihi kwa joto na ndo sahihi kwa kelele. Usiku nikiwa kazini dada anafungua kila kitu, ule ubaridi wa saa kumi alfajiri unaingia unakaa kwenye kuta, asubuhi saa mbili anafunga na kushusha mapazia mazito, mi naingia chumba kiko kama mtungi wa bibi. Nalala mpaka adhana ya alasiri wakati mwingine, na adhana yenyewe naisikia kwa mbali sana kama iko kijiji cha pili.

Mlango nao. Niliweka wa mbao nzito, sio ule wenye karatasi ndani, na mpira kuzunguka fremu yote mpaka chini, kwa sababu baada ya kuziba juu na soketi, ule uwazi wa sentimita 2 chini ya mlango ndo ulikuwa umebaki kuwa tundu kubwa kuliko yote. Ulipofungwa chumba kikawa kimya kiasi kwamba nasikia saa yangu ya mkononi.

Wiki ya tatu, usiku ambao sina zamu, mwanangu mdogo wa miaka minne alipata homa. Aliniita. Aliniita sana, anasema dada yake Nasra, mpaka Nasra mwenyewe akaja akafungua mlango akanitikisa bega. Mtoto alikuwa wa moto, alitapika, amekaa kitandani ananisubiri. Mimi nesi, nasikia mgonjwa akigeuka kitanda cha mwisho wodini, sikumsikia mwanangu hatua sita kutoka kwangu.

Asubuhi yake nilichukua bisibisi nikatoa mpira wa chini ya mlango. Sasa hivi nikitoka zamu naviringisha khanga nzee naisukuma pale chini, inatosha kabisa kwa mchana. Usiku nikiwa nyumbani khanga inakaa kwenye kitasa, na mlango naurudishia tu.